Somo la Chakula Katika Mikoa Inayolisha Nchi

Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, yanachemka kwenye nyuzi 91. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja, kwa kuwa mgandamizo wa hewa unapungua na maji hayahitaji joto jingi ili yageuke mvuke. Mama wa Makete hana kipimajoto jikoni, lakini anajua kwamba maharage yake hukaa motoni muda mrefu kuliko ya wifi yake aliyeolewa Kyela, na kwamba kuni zinazoisha kwa sufuria moja ya kande zingemfikisha mwenzake mbali zaidi. Vitabu tulivyosomea somo la chakula sekondari havikusema lolote kuhusu hilo. Viliandika nyuzi 100, vikatoa na dakika za kuchemshia chupa za nyanya zilizopimwa kwenye nchi tambarare, na mwanafunzi wa Iringa au Njombe aliyezifuata neno kwa neno angeweza kuhifadhi chupa ambayo joto halikuifikia vya kutosha katikati.

Nimeanza na maji yanayochemka kwa sababu mfano huo unabeba hoja yangu yote. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, inayolisha sehemu kubwa ya nchi, ndiyo inayopaswa kuwa na wanafunzi wengi zaidi wa somo la chakula katika kidato cha tano na cha sita, na somo hilo linapaswa kufundishwa kwa kuanzia kwenye vyakula vyetu, kwenye mwinuko wetu na baridi yetu, kwa vipimo tunavyochukua wenyewe.

Nilisoma tahasusi ya CBN, yaani Kemia, Biolojia na Lishe, na somo hilo la tatu, ambalo jina lake kamili ni Chakula na Lishe ya Binadamu, ndilo lililonifanya nionewe huruma na ndugu zangu. Shangazi yangu aliuliza, kwa upole wa mtu anayekutakia mema, kama ni lazima binti afike kidato cha sita ndipo ajifunze kupika. Alisema kile ambacho wazazi wengi bado wanakiamini, kwamba PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ni za wenye akili na kwamba linalohusu chakula ni la wasichana wanaosubiri kuolewa. Nilimjibu kwa heshima kwamba nusu ya tunachokisoma ni kemia ya kaboni na nusu nyingine ni bakteria, naye akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika. Mtazamo huo hauko kwetu pekee. Uingereza ilikuwa na Teknolojia ya Chakula katika ngazi ya A-Level, na mageuzi ya mitihani ya katikati ya miaka ya 2010 yakaliondoa somo hilo, likabaki somo la upishi na lishe kwa wanafunzi wa GCSE, ambao wana umri wa miaka 16 hivi, lililoanza kufundishwa mwaka 2016. Nchi ambayo viwanda vyake vya chakula vimesimama kwa zaidi ya karne moja huenda ikalimudu pengo hilo kwa muda. Sisi, ambao mazao yetu mengi bado yanatoka shambani na kupakiwa kwenye malori yakiwa ghafi, hatuwezi.

Kipindi kilichonifungua macho kilikuwa cha togwa. Mwalimu wetu wa somo, ambaye nitamshukuru maisha yangu yote, alituagiza tuje na unga wa mahindi na kimea cha ulezi kutoka nyumbani, na kwa kuwa wengi wetu tulitoka Iringa, Njombe na Mbeya, hakuna aliyeuliza kimea ni kitu gani. Tulipika uji mzito hadi mwiko ukasimama wenyewe, kisha tukaugawa kwenye bika mbili, yaani vyombo vya kioo vya maabara. Katika ya kwanza tulitia kijiko cha kimea uji ukiwa umetoka motoni wakati huohuo, bado ukitokota pembeni. Katika ya pili tulisubiri hadi kipimajoto kiliposoma nyuzi 50. Uji wa bika ya kwanza ulibaki mzito vilevile, kana kwamba hatukuweka chochote. Ule wa pili ulianza kulegea tukiutazama, na baada ya dakika chache ulikuwa ukimiminika kama maziwa, bila hata tone la maji kuongezwa.

Nilikuwa nimemwona mama akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Alikuwa akigusa ubavu wa sufuria kwa kiganja na kutuambia, "Subirini upoe kwanza, wanangu, mtaua kimea." Alichokuwa akikilinda ni vimeng'enya vya amilesi, ambavyo ulezi huvitengeneza unapochipua ili mche upate sukari ya kuanzia maisha, na ambavyo hukata minyororo mirefu ya wanga na kuacha vipande vifupi visivyoweza tena kushika maji na kuufanya uji uwe mzito. Vimeng'enya ni protini, na protini ikipata joto kali hupoteza umbo lake, na pamoja na umbo hupoteza kazi. Mwalimu alitufanya tudondoshe iodini kwenye sampuli ya kila bika. Ya kwanza iligeuka buluu iliyoiva kama wino. Ya pili ilianza na buluu hiyohiyo, lakini kila tulipochukua sampuli mpya rangi ilikuwa imefifia kuelekea hudhurungi, na kwa macho yetu tuliona wanga ukipungua.

Tuliiacha bika ya pili ilale. Siku ya pili karatasi ya kupimia asidi ilionyesha pH, kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyoongezeka, ikielekea 4, kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki waliokuja na kimea chenyewe, na hapo ndipo tulipojifunza kwa nini togwa iliyochacha vizuri hukaa siku kadhaa bila kumdhuru mtu, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyosababisha kuhara haviwezi kustawi kwenye uchachu wa kiwango hicho. Somo la ulanzi lilifuata kwa urahisi baada ya hapo. Utomvu wa mwanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu, lakini hamira za asili zilizomo huanza mara moja kuigeuza sukari kuwa pombe, na jioni tayari una kinywaji kingine. Uchachu wa togwa na ukali wa ulanzi ni njia mbili tofauti za uchachushaji, na mwanafunzi wa Iringa anazijua kwa ulimi wake kabla hajafungua kitabu.

Jambo kubwa zaidi katika bika ile, hata hivyo, lilikuwa wepesi wa uji. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, kwa hiyo mama huongeza maji, na kila kikombe cha maji kinachoongezwa kinapunguza nguvu inayomfikia mtoto kwa kila kijiko. Kimea kinamruhusu mama aweke unga mwingi zaidi na uji bado ukanyweka. Watafiti wa hapa nchini, wakiwemo wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walilichunguza jambo hili kwa makini katika miaka ya 1980, na mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulikuwa ndio uwanja wa programu ya lishe iliyoendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO kuanzia 1983/84 katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa na wazazi wenyewe, na hatua zikachukuliwa kwa rasilimali zilizokuwepo. Wataalamu wa lishe duniani bado wanaurejelea mfano huo. Nilihitimu kidato cha sita bila kuukuta katika kitabu chochote cha shule, ingawa vijiji hivyo vingine viko umbali wa safari ya daladala kutoka darasani kwetu.

Miaka karibu 40 baadaye, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ilikuwa na asilimia 57. Njombe na Rukwa zilikuwa na asilimia 50 kila moja. Hii ni mikoa ya mahindi, maharage, viazi, maziwa na maparachichi, na zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa wangu ni wafupi kuliko umri wao unavyostahili. Kila ninapoandika takwimu hiyo naumia upya. Sababu zake ni nyingi na zimefungamana: mama anayeshinda shambani na kumwachia mtoto mkubwa kazi ya kumlisha mdogo, mlo wa ugali na mboga moja mwaka mzima, maradhi ya kuhara yanayojirudia, mazao mazuri yanayouzwa yote ili ipatikane ada. Somo la shule peke yake haliwezi kuziondoa. Lakini katika kila kata ya mikoa hii kunahitajika watu kadhaa wanaoelewa ni kitu gani kinapotea kati ya shamba na kinywa cha mtoto na namna ya kukizuia kisipotee, na sijui ni wapi tutawapata kama hatuwaandai kuanzia sekondari.

Kuna ushahidi wa karibu kabisa kwamba teknolojia ya chakula inaweza kuibadilisha milima hii. Wazee wetu wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa la kawaida katika nyanda hizi, shingo zikiwa zimevimba kijiji kizima, hata watu wakaliona kuwa sehemu ya maumbile. Mvua nyingi za milimani huosha iodini kutoka kwenye udongo, mimea inayoota humo hukosa iodini, na anayekula mimea hiyo hukosa pia. Dawa yake iligeuka kuwa ndogo na ya bei nafuu, yaani chumvi yenye madini joto, ambayo ilienezwa nchini katika miaka ya 1990. Kwenye somo letu tulijifunza kwa nini inapendekezwa iodeti ya potasiamu badala ya iodidi, kwa kuwa ya kwanza hustahimili unyevu na hewa vizuri zaidi, na kwa nini chumvi hiyo ifunikwe vizuri na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mwanafunzi mmoja aliyeelewa hayo anaweza kumweleza bibi yake, na bibi akaacha kuianika chumvi juani.

Viazi vinastahili nafasi yao, kwa sababu hakuna zao linalofundisha kemia ya chakula vizuri kama kiazi. Muuza chipsi wa Mafinga anapochagua gunia, huuliza aina na kijiji kilikotoka, kisha hukata kiazi kimoja katikati na kukisugua nusu kwa nusu. Anatafuta kiazi kikavu. Kiazi chenye maji mengi hunyonya mafuta, hulegea, na humtia hasara, ilhali chenye yabisi, yaani sehemu isiyo maji, za asilimia 20 au zaidi hutoa chipsi ngumu kwa nje na laini kwa ndani. Anajua pia kwamba kiazi kilichokaa kwenye baridi kali hugeuka hudhurungi haraka kikaangoni kabla hakijaiva, ingawa hana jina la kinachotokea. Baridi huufanya wanga wa kiazi uvunjike kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na amino asidi katika mafuta ya moto huleta mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, uleule unaoipa rangi ganda la mkate na harufu mahindi ya kuchoma. Kiazi kilichomenywa na kuachwa kikawa cheusi ni jambo jingine kabisa, kazi ya kimeng'enya kinachohitaji oksijeni, na ndiyo maana kukizamisha kwenye maji kunasaidia, na kukipitisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache kunasaidia zaidi. Parachichi la Rungwe linapogeuka jeusi ubaoni linafuata sheria hiyohiyo, na ndimu hulisaidia kwa sababu asidi humfunga mikono mhusika. Haya yote yamo kwenye muhtasari wa kemia na biolojia kwa namna moja au nyingine. Yanapokuja kupitia kiazi, hayasahauliki.

Narudi kwenye chupa, kwa kuwa hapo ndipo kutojua kunaweza kuua. Leo nafanya kazi ya kusindika nyanya na matunda kwa kiwango kidogo nje ya mji wa Iringa. Nyanya za Ilula na Kilolo zinapokomaa kwa pamoja, bei ya tenga huanguka hadi mkulima anaona afadhali ziozee shambani kuliko kulipia usafiri, na kila mwaka wakati huo kina mama huja kuniuliza namna ya kuzihifadhi. Swali la kwanza ninalowauliza ni kuhusu uchachu. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hutengeneza mbegu zinazohimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa mbegu hizo zinaweza kuota na kutoa sumu kali kuliko karibu zote zinazojulikana, lakini haziwezi kuota kwenye chakula chenye pH ya 4.6 au chini yake. Nyanya huwa karibu kabisa na mpaka huo, na nyingine huuvuka, kwa hiyo maji ya ndimu yanayotiwa kwenye kila chupa yapo kwa ajili ya usalama kabla ya ladha. Maharage, nyama na mboga za majani ziko mbali na mpaka huo. Hizo zinahitaji nyuzi 121, ambazo sufuria ya kawaida haiwezi kuzifikia popote duniani, na hapa kwetu inaishia 94 au 95. Kwa hiyo ninawaambia wazi kwamba maharage hayafungwi kwenye chupa nyumbani bila sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kwamba hata nyanya zilizotiwa ndimu zinahitaji dakika za ziada kwa sababu ya mwinuko wetu. Sikulijua hilo kwa uzoefu. Nililijua kwa sababu nilikaa darasani na nikafundishwa kuuliza kila kanuni ilipimwa wapi.

Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, nayo ingeweza kujaza makala nzima. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa, na tangu hapo jina hilo limekuwa likisikika redioni. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu aina ya aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona na ulimi hauwezi kukionja, na kupika hakuiondoi sumu hiyo. Huku kwetu kwenye baridi na mvua ndefu, kuvu wa aina nyingine hushambulia hindi likiwa bado shambani na kuacha sumu yake, ambayo baadhi ya watafiti wameihusisha na watoto kukua polepole. Kinga inaanza na kukausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, juu ya turubai na kamwe si juu ya udongo. Ukitia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, ukatikisa, na chumvi ikaganda ukutani, mahindi hayajakauka. Jaribio hilo halihitaji umeme wala fedha, na sielewi kwa nini halifanywi katika kila shule yenye ghala la chakula cha wanafunzi.

Kinacholikwamisha somo hili ni mambo ya kawaida kabisa. Shule zinazolitoa katika kidato cha tano na cha sita ni chache, na baadhi ya hizo hulitoa bila mwalimu aliyelisomea, au bila maabara yake, hivyo mazoezi ya vitendo husogezwa hadi wiki za mwisho kabla ya mtihani. Nimezungumza na wanafunzi waliokariri joto la kupasha maziwa, nyuzi 63 kwa nusu saa au nyuzi 72 kwa sekunde 15, bila hata siku moja kushika kipimajoto ndani ya maziwa. Wanatoka Rungwe na Njombe, ambako kila asubuhi mpokeaji maziwa kituoni hupima kila ndoo kwa laktomita na kujua palepale kama imeongezwa maji. Vifaa vya kuanzia ni vichache: vipimajoto, laktomita, mizani ya jikoni inayosoma gramu, karatasi za kupimia asidi, iodini, na jiko. Shule yenye maabara ya kemia tayari ina zaidi ya nusu ya hivyo, na inachohitaji ni mkuu wa shule anayekubali kwamba unga na viazi ni vifaa halali vya maabara. Ninaamini pia kwamba wavulana wanapaswa kuvutwa waingie. Wasaga nafaka, wauza chipsi, madereva wa malori ya maziwa na wapokeaji wa mazao katika miji yetu kwa sehemu kubwa ni wanaume, na chakula cha familia hupita mikononi mwao kabla hakijafika jikoni.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma hapa na kusubiri matokeo, nina maneno machache ya vitendo. CBN inakufungulia milango ya shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula au ya lishe, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa kikifundisha fani hizo kwa miaka mingi. Kutoka hapo watu huenda viwandani, hospitalini, halmashauri, au Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini. Wengine hufungua usindikaji wao wenyewe na kupata msaada wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Ukipata ufaulu wa kutosha wa Kemia na Biolojia, na fursa ya kubadilisha machaguo kwenye Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na shule, ikifunguliwa, tafuta kwanza mtu aliyesoma katika shule unayoifikiria na umuulize kama mwalimu wa somo yupo na kama wanafanya vitendo tangu kidato cha tano. Muulize pia walipika nini mara ya mwisho, na walipima nini walipokuwa wakipika.